“Insha'Allah, Tutakuita”: Usonji, Chuo na Kupanga Kazi

Mwaka juzi mpwa wangu alipeleka barua ya kuomba kazi ya likizo kwa mfanyabiashara mmoja hapa Lamu. Yule bwana aliipokea vizuri, akaisoma, akamtazama kijana, akasema, “Insha'Allah, tutakuita.” Kila aliyelelewa katika mji huu anajua maana ya maneno hayo yakitamkwa kwa sauti ile, na karatasi ikishasukumwa chini ya kitabu cha risiti. Mpwa wangu hakujua. Alirudi nyumbani akaichaji simu, akaiweka kando ya mto, na kwa wiki sita hakukubali kuvuka hata kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, asije akaitwa akawa hayupo. Mama yake alipomsihi aachane na kazi ile, alimjibu, “Ametaja jina la Mungu.” Na ukilitazama jambo kwa dini, yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Kijana huyu ana usonji. Yuko mwaka wa tatu chuoni Mombasa, anasoma takwimu, na alama zake zinawashinda wengi. Amenikubalia niandike habari zake kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na nikigusa hesabu za maji kupwa na kujaa nimwonyeshe kwanza. Nimetimiza yote mawili.

Naanza na kisa hiki kwa sababu shida yenyewe imo humo. Watu wakisikia habari za usonji na ajira hudhani swali ni kama kijana ataiweza kazi. Hii angeiweza. Ilikuwa kazi ya kuhesabu mali ghalani, na yeye ni mtu wa kuhesabu boriti za dari katika kila chumba anachoingia. Kilichomshinda ni mlango wa kuingilia, ambao umejengwa kwa maneno ya pembeni, sauti za kukisiwa na adabu ambazo hakuna aliyewahi kuziandika. Huo mlango si wa Lamu peke yake. Uingereza, nchi yenye sheria na huduma nyingi kutushinda, ripoti ya serikali ya mwaka 2024 ilieleza kuwa ni watu 3 tu kati ya 10 wenye usonji, walio na umri wa kufanya kazi, ambao wameajiriwa. Wengi wa waliobaki si kwamba hawana ujuzi.

Kete kwenye mashimo

Tueleze usonji wenyewe kwa ufupi, maana umeelezwa vibaya mara nyingi. Si ugonjwa wa kuambukiza, hautokani na chanjo, na si jini, ingawa nyumba kadhaa hapa zimepita kwa mganga kabla ya kufika hospitali. Ni namna ubongo ulivyokua tangu mwanzo wa maisha. Mtu huzaliwa nao na huzeeka nao. Huonekana katika jinsi mtu anavyowasiliana na wenzake, katika kupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule, katika kuzama ndani ya jambo moja kwa miaka, na katika hisi: sauti, mwanga, harufu au mguso unaoweza kumuumiza mmoja na mwenzake asiutambue hata kidogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 alikuwa na usonji. Si jambo la nadra, basi. Kama umesoma chuo, umesoma nao.

Neno linalotumika ni wigo wa usonji, na watu huuelewa wigo huo kama ngazi, wenye usonji “mwingi” wakiwa chini na wenye “kidogo” juu. Mimi huona ubao wa bao unafaa zaidi. Mashimo 32, kete 64. Watu wawili wanaweza kuwa na idadi moja ya kete, lakini mmoja amelundika zote nyumba na mashimo ya pembeni yako matupu, mwingine amezitawanya. Ukihesabu jumla hujui lolote kuhusu mchezo. Mpwa wangu anaweza kukaa saa tano na jedwali la takwimu bila kuinua kichwa, kisha akashindwa kuanza kupiga simu ya dakika mbili. Mwanafunzi mwenzake, naye ana usonji, hupiga simu bila taabu lakini hawezi kukaa chumba chenye taa za mirija zinazovuma. Anayewapangia hawa wawili kazi moja kwa sababu cheti kimeandikwa neno moja amehesabu jumla.

Kuna kundi moja ambalo hatulioni kabisa, nalo ni la wasichana. Kijana wa kike asiyemtazama mtu usoni, asiyesema mpaka asemeshwe, asiyependa mikusanyiko, Lamu husifiwa kwa haya na malezi mema. Hakuna anayemwuliza anaumia wapi. Huko ughaibuni pia wasichana hutambuliwa kwa kuchelewa kuliko wavulana, kwa kuwa wengi hujifunza mapema kuwaiga wenzao na kujifunika. Kujifunika huko kunachosha kuliko masomo yenyewe, na wengi hugundua walicho nacho wakati chuo kinakaribia kwisha na nguvu pia zimekwisha.

Siku kwanza, cheo baadaye

Mshauri mmoja wa wanafunzi alimwambia mpwa wangu, “Wewe shika mambo ya kompyuta, watu kama nyinyi mnayaweza.” Hakuwa na nia mbaya. Lakini ushauri huo ni sawa na kumwambia kila mtoto wa Lamu awe nahodha. Temple Grandin, Mmarekani aliyezaliwa 1947 na mmoja wa watu wenye usonji wanaojulikana zaidi duniani, hakushika kompyuta. Alikwenda kwa ng'ombe, akabuni njia za kuwapitisha bila kuwatia hofu, akawa profesa wa sayansi ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Hapa kwetu angeweza kuishia kwenye zahanati ya punda.

Nionavyo mimi, mpango wa kazi uanze na siku, yaani saa za mchana zilivyo tangu kutoka nyumbani mpaka kurudi. Cheo kinakuja baadaye, na mara nyingi kinadanganya.

Chukua uhasibu. Mhasibu wa hoteli ya mbele ya maji hukaa karibu na mapokezi. Mashine za boti zinanguruma, simu inalia, mgeni anauliza habari za jahazi la jioni, na mwenye hoteli anapita akisema, “Leo wewe tusaidie kupokea wageni, fulani hakuja.” Mhasibu wa duka la jumla, mitaa miwili nyuma, ana chumba, feni, ankara za aina moja na bosi mmoja. Vyeti vyao vinafanana na mshahara unakaribiana. Mmoja anarudi nyumbani na kula chakula cha jioni na watu. Mwingine anarudi akajifungia gizani mpaka Ishaa, na baada ya miezi minne anaacha kazi, na mtaa unasema hana subira.

Usikimbilie kusema kwamba jibu daima ni chumba cha nyuma. Namjua kijana mwingine ambaye kazi iliyomkubali ni kuwatembeza wageni. Watu walishangaa: mwenye usonji kuzungumza na wageni mchana kutwa? Lakini mazungumzo ya kutembeza wageni yana njia. Unaanza Ngome, unasema ujenzi wake ulianza 1813 ukamalizika 1821, unapita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, unaeleza milango ya nakshi na madaka, unasimama mahali pale pale kila siku. Anayaweza yote hayo kwa furaha, na hasahau mwaka hata mmoja. Asichokiweza ni soga la barazani baada ya kazi, lisilo na mwanzo wala mwisho. Kusema kwenye mpangilio na kusema bila mpangilio ni kazi mbili tofauti, na sijui kwa nini washauri huziweka kapu moja.

Kwa hiyo mwanafunzi anapotajiwa kazi fulani, na aulize kuhusu siku yake. Maagizo hutoka kwa mdomo, kwa WhatsApp au kwa karatasi? Nani anayesema kwamba kazi sasa imekwisha, au kila mtu hujionea mwenyewe? Mipango hubadilika mara ngapi kwa wiki? Safari je? Mtu wa Lamu anayefanya kazi ng'ambo ya pili hupanda boti, na boti ya abiria huondoka ikijaa, si saa yake ikifika. Kwa wengi wetu hilo ni adha ndogo. Kwa anayejipanga kwa dakika, siku imeharibika kabla ya kuanza. Suluhisho mara nyingine ni dogo kama kupatana na mwenye boti mmoja.

Na chakula cha mchana, tafadhali, msikisahau. Katika sehemu nyingi za kazi hapa watu hula sinia moja. Mpwa wangu hawezi kula chakula kilichochanganyika, mchuzi ukigusa wali ameshamaliza. Akikataa, amewadharau wenzake. Halafu kuna neno “karibu”. Alipokuwa kwenye mafunzo ya mwezi mmoja mahali fulani, kila aliyekuwa anakula mkate alimwambia “karibu”, naye kila mara alikaribia akala. Wiki ya tatu walianza kununua mkate kwa kificho. Hakuna aliyemwambia. Mimi ndiye niliyemweleza, miezi baadaye, kwamba “karibu” ya mwenye kipande kimoja hujibiwa “ahsante”. Aliandika kwenye daftari lake.

Penzi la jambo moja

Tangu ana miaka tisa, mpwa wangu huandika kimo cha maji gatini. Anajua bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji mafu, yaani madogo, huja mwezi ukiwa nusu, na kwamba maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Wavuvi wazee wanajua hayo bila daftari, lakini yeye anayo madaftari kumi na moja. Jamaa walidhani ni wazimu wa kitoto utakaopita.

Kuzama huku ndiko wengi husema kugeuzwe kazi, na mara nyingine ni kweli. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, haiwezi kuleta meli bila watu wa kufuatilia kina cha maji. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, yenye makao Mombasa, huajiri watu wa takwimu. Lakini nimejifunza kuuliza swali moja zaidi: anapenda nini hasa ndani ya jambo hilo? Kupima? Kupanga namba? Kueleza wengine? Au kuwa peke yake alfajiri, maji yakiwa kimya? Mpwa wangu, baada ya kufikiri siku mbili, alijibu kwamba anapenda pale jedwali linapokosa namba moja naye akaijua inapaswa kuwa ngapi. Jibu hilo lilifungua milango mingi kuliko bahari. Mtu anayependa kugundua namba iliyokosekana anaweza kukagua hesabu, kusafisha takwimu za hospitali, kuorodhesha nyaraka za makumbusho. Wapo pia ambao penzi lao likiwekewa bosi na tarehe ya mwisho hufa, na hao waachiwe walibakize kuwa lao, kazi itafutwe kwingine.

Mahojiano hupima nini

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Noah Sasson walifanya jaribio ambalo kila mwajiri angepaswa kulijua. Waliwaonyesha watu vipande vifupi vya sekunde chache vya watu wenye usonji na wasio nao wakizungumza. Watazamaji, bila kuambiwa nani ni nani, waliwakadiria wenye usonji vibaya zaidi na hawakutaka kukaa nao. Lakini walipopewa maneno yale yale yakiwa yameandikwa tu, bila sura wala sauti, tofauti ilitoweka. Yaliyosemwa yalikuwa mazuri sawasawa.

Sasa mahojiano ya kazi ni nini kama si sekunde chache za sura na sauti? Kwetu yana kichekesho cha ziada. Kijana wa Kiswahili hufunzwa tangu utotoni kutomkazia macho mtu mzima. Kisha anaingia chumba cha mahojiano ambako vitabu vya ushauri vimemwambia mhoji apime ujasiri kwa macho. Anayejua kucheza na pande zote mbili hupona. Mwenye usonji anapewa alama mbaya kwa sababu ya adabu aliyofunzwa. Na swali la kwanza, “Tueleze kuhusu wewe mwenyewe,” halina kipimo wala mwisho. Mpwa wangu alilijibu kuanzia alipozaliwa, hospitali gani, na maji yalikuwa wapi siku hiyo.

Nchini Denmark, Thorkil Sonne, baba wa mtoto mwenye usonji, alianzisha mwaka 2004 kampuni iitwayo Specialisterne, na badala ya kuwahoji waombaji aliwapa vifaa vya roboti za LEGO waunde na kuzipanga, huku akitazama wanavyofanya kazi. Marekani walikwenda mbali zaidi. Huko Virginia, vijana wenye usonji wa miaka 18 hadi 21 waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilimalizia mwaka wa mwisho wa shule likifanya kazi halisi ndani ya hospitali, kwa zamu idara hadi idara, msaidizi akiwa karibu. Kundi la pili liliendelea na shule kama kawaida. Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa 2014, ni haya: vijana 21 kati ya 24 wa kundi la hospitali walipata kazi ya mshahara. Katika kundi la pili alipata mmoja kati ya 16.

Nilipoyasoma haya nilicheka peke yangu, kwa sababu njia hii nenda Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, utaikuta. Hakuna fundi wa jahazi aliyewahi kumwuliza mwanagenzi, “Unajiona wapi baada ya miaka mitano?” Anampa kalafati. Anamtazama mkono. Baada ya wiki mbili anajua. Fundi wa nakshi naye hivyo hivyo, anampa ubao mbovu na patasi. Uanagenzi ni mahojiano marefu yasiyo na maneno, na kwa kijana ambaye maneno ndiyo yanayomwangusha hakuna mtihani wa haki zaidi.

Uanagenzi una ubaya wake pia. Upo wa miaka mitatu bila senti, kijana akitumwa sigara na chai, na mwenye usonji ndiye wa mwisho kugundua kwamba anatumiwa, kwa kuwa anaamini alichoambiwa. Kwa hiyo muda na malipo viandikwe tangu mwanzo, hata kwa mwandiko wa mkono mbele ya shahidi. Kwa kazi za ufundi, NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, hutoa mitihani ya madaraja, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, ambayo hupima mtu kwa kufanya. Hata mwenye digrii hajishushi kwa kuwa na karatasi hiyo mkononi.

Mshenga

Kwa desturi zetu posa haipelekwi na mwenye kuoa. Hupelekwa na mshenga, mtu anayejua lugha ya pande zote mbili, anayeweza kusikia “tutafikiria” akarudi nyumbani akasema ni ndiyo au hapana. Mimi naona kijana mwenye usonji anahitaji mshenga wa kazi. Kule Virginia, msaidizi aliyekaa hospitalini na vijana alikuwa anafanya kazi hiyo, ila alikuwa na mshahara.

Mshenga wa kazi anakwenda kabla. Anamwambia mwajiri: kijana huyu ukimwambia “panga ghala” atasimama, ukimwandikia mambo matano kwa mpangilio ameyamaliza kabla ya Adhuhuri. Ukikasirika, sema umekasirikia nini. Kisha anarudi kwa kijana na kumfasiria bosi: akisema “si mbaya”, amekusifu, akisema “fanya utakavyo”, usifanye. Baada ya mwezi au miwili mshenga anajitoa taratibu.

Anaweza kuwa mjomba, mwalimu, aliyemaliza chuo kabla yake. Asiwe mama mzazi, nawaomba radhi kina mama. Mama akipiga simu kazini, mwajiri anaanza kumwona mfanyakazi wake kama mtoto, na hapo hapana tena kupanda cheo. Dada yangu alilia niliposema hivi. Ni yeye aliyembeba kijana huyu kwa miaka ishirini, akajua kila kitambaa kinachomwasha, na sasa anaambiwa akae nyuma. Sina la kupunguza uzito wake.

Kusema au kunyamaza

Je, mwanafunzi amwambie mwajiri kwamba ana usonji? Vitabu vya nchi za mbali huelekea kusema ndiyo. Havikuandikwa kwa mji ambao jambo likisemwa ofisini asubuhi linafika barazani kabla ya sala ya Alasiri, pamoja na nyongeza. Hapa siri ya mtu mmoja ni siri ya ukoo, na wapo wanaofikiria ndugu wa kike watakaoposwa.

Kati ya kusema yote na kunyamaza kuna njia ya katikati: sema haja, acha jina. “Nafanya vizuri zaidi nikiandikiwa maagizo.” “Naomba meza ya mbali na spika.” “Nikipewa maswali mapema nitajibu vizuri.” Hakuna neno la kitabibu humo, na mwajiri mwenye akili anaona ni mtu anayejijua. Njia hiyo inatosha mpaka pale unapotaka ulinzi wa sheria, maana hapo lazima jina litajwe.

Na sheria ipo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinahusu haki za watu wenye ulemavu, na kinaelekeza kwamba hatua kwa hatua angalau asilimia 5 ya wanaochaguliwa au kuteuliwa katika vyombo vya umma wawe watu wenye ulemavu. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza mwajiri kubagua kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 imekwisha kupisha mpya ya 2025. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao Kenya iliuridhia 2008, unasema kumnyima mtu marekebisho yanayofaa kazini ni ubaguzi. Ili kuingia chini ya kivuli hicho, mtu huanza na tathmini katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha husajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Aliyesajiliwa anaweza kuomba KRA, mamlaka ya mapato, cheti cha msamaha wa kodi, na shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake kila mwezi zisikatwe kodi ya mapato.

Wengine hukataa usajili kwa neno lenyewe, ulemavu. Mpwa wangu alikataa mwaka mzima, kisha akakubali baada ya kufanya hesabu ya kodi ya miaka thelathini. Hakubadilisha mawazo kuhusu neno. Namba tu zilimshinda.

Miaka ya chuo yenyewe

Mwaka wa kwanza usimpangie mtu kazi yoyote. Aache akili izoee hosteli, foleni ya chakula na mwenzake wa chumbani anayekoroma. Kuanzia likizo ya mwaka wa pili, aanze kuonja kazi kwa vipande vidogo: wiki mbili hapa, mwezi kule, nusu siku ikibidi. Atachimenti, yaani mafunzo ya kazini ambayo chuo hudai, kwa kawaida kama miezi mitatu, huja kwa kuchelewa mno kuwa mara ya kwanza mtu kuona ofisi. Baada ya kila kipande aandike siku zilivyokwenda, nini kilimchosha, saa ngapi alianza kuchoka. Madaftari hayo yana thamani kuliko wasifu wenyewe. Kazi alizozimaliza aziweke pamoja, majedwali, picha, programu, chochote kinachoonekana kwa macho, maana kitamsemea mdomo ukigoma.

Jambo ambalo karibu kila mtu husahau ni Jumatatu ya kwanza baada ya mtihani wa mwisho. Chuo, pamoja na kelele zake zote, kina ratiba: darasa saa mbili, maabara saa nane, tarehe ya kukabidhi kazi. Siku moja ratiba hiyo inaondolewa yote kwa pamoja. Wahitimu wengine hupumzika, huzurura, huangukia kitu. Kwa mwenye usonji ni kama kung'olewa nguzo za nyumba, na nimesikia habari za vijana waliofaulu vizuri kisha wakakaa chumbani mwaka, miaka miwili, mchana wakilala. Hiyo Jumatatu ipangwe mwaka mmoja kabla: saa ngapi anaamka, anakwenda wapi, nani anamngojea. Hata kama ni kujitolea siku mbili kwa wiki. Kazi ya mshahara itafutwe kutoka hapo, mtu akiwa na pa kwenda.

Likizo iliyopita tulimpeleka mpwa wangu kwenye banda la kupokelea samaki, ambako BMU, chama cha wavuvi cha kusimamia ufuo, huandika kila chombo kimeleta nini: aina, kilo, zana iliyotumika. Madaftari yao yalikuwa na mapengo. Mimi nilikuwa mshenga, nikazungumza na mwenyekiti, mzee mmoja mkali asiyependa maneno mengi, na huo ukawa uzuri. Wiki ya kwanza harufu ilimtoa nje mara tatu. Akajipatia kitambaa chenye karafuu. Wiki ya pili aligundua chombo kimoja kilikuwa kikiandikwa mara mbili. Mzee alianza kumwandikia kazi za siku kwenye kipande cha katoni kwa kalamu ya rangi, herufi kubwa, akakitundika msumarini. Wiki ya nne nilipopita, nilikuta mabaharia wawili nao wakisoma katoni ile kabla ya kushuka majini.

Siku ya mwisho ya likizo mzee alimwambia, “Ukifunga chuo Desemba, urudi, Insha'Allah.”

Kijana alisimama, akafikiri, akamwuliza, “Hiyo ni ya kurudi au ya kutorudi?”

Mzee alimtazama kwa muda. Kisha akakichomoa kile kipande cha katoni, akakigeuza upande wa pili, akaandika tarehe.